Buu kwenye sukuma wiki: Usiharakishe kumwua

Ni saa kumi na mbili jioni. Umetoka kazini, umeshuka matatu, na kabla ya kuingia nyumbani umepitia kwa mama mboga ukanunua fungu la sukuma wiki. Unapochambua majani juu ya karai, unaona upande wa chini wa jani moja kitu kama unga wa kijivu uliomwagika. Ukikaza macho unagundua kwamba unga huo unatembea. Ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mboga. Na katikati yao kuna mgeni mwingine: mdudu laini asiye na miguu, wa rangi ya kijani hafifu, mwenye urefu wa punje moja au mbili za mchele.

Utafanya nini? Wengi wetu hushtuka, hulitupa jani zima na kesho yake humlalamikia mama mboga kwamba anauza mboga zenye funza. Mama mboga, kwa kuogopa kupoteza mteja, humweleza mkulima wake. Mkulima naye huenda kwenye duka la pembejeo na kuomba dawa kali zaidi. Juma linalofuata unauziwa majani safi yanayong'aa, hayana alama hata moja, na unafurahi.

Msomaji mpendwa, makala haya yanakuomba uifikirie upya furaha hiyo. Mdudu uliyemwona hakuwa akila mboga yako. Alikuwa akiilinda. Na dawa iliyomwondoa haikuondoka naye. Huenda nyingine ilibaki juu ya jani, au ndani yake, ikakufuata hadi kwenye sufuria.

Nzi asiyejali uchafu

Mdudu huyo ni buu, yaani mtoto wa nzi. Neno nzi linatutia kichefuchefu, na si bila sababu. Nzi wa nyumbani hutoka chooni na jalalani akatua kwenye chakula, akatuletea maradhi ya kuhara. Lakini ukoo wa nzi ni mkubwa sana. Miongoni mwao wako wanaoishi kwa kutegemea maua, na wataalamu wanakadiria kuwa ukoo huo wa nzi wa maua una aina zipatazo 6,000 duniani kote. Hapa Afrika mmojawapo anayepatikana sana huitwa kwa jina la kisayansi Ischiodon aegyptius.

Bila shaka umewahi kumwona ukadhani ni nyuki mdogo au nyigu. Tumbo lake lina mistari myeusi na ya manjano. Mavazi hayo ni ya kuwatisha ndege na maadui wengine wasimguse, kwa maana nzi huyu hana mwiba wala hajui kuuma. Hata mtoto akimshika mkononi hatadhurika.

Utamtofautishaje na nyuki? Kwanza, tazama mabawa. Nyuki ana jozi mbili, nzi ana jozi moja tu. Pili, tazama macho yake: ni makubwa na yanajaza karibu kichwa kizima, nazo papasi zake ni fupi mno. Tatu, tazama namna anavyoruka. Nzi wa maua husimama hewani pahali pamoja kama helikopta, halafu ghafla husogea upande na kusimama tena. Nyuki ana haraka ya kazi. Huyu huonekana kama anayekagua shamba.

Chakula cha nzi huyu aliyekomaa ni maji matamu ya maua pamoja na ile poda iitwayo chavua. Jike anaihitaji chavua ili mayai yake yakomae. Hana haja na choo, wala hana haja na sahani yako. Ni kweli kwamba baadhi ya jamaa zake huzaliana kwenye maji machafu, lakini hao ni wengine. Tunaowazungumzia hapa ni wale ambao watoto wao huwinda wadudu.

Buu mlafi

Jike wa nzi huyu ni mama mwenye busara. Hatagi mayai yake popote. Hutafuta kwanza jani lenye vidukari, kisha hutaga yai jeupe, dogo na refu kidogo, karibu nao au katikati yao. Baada ya siku chache tu yai huanguliwa, na mtoto hujikuta mezani, chakula kimeshaandaliwa.

Buu huyo hana miguu, na hana macho. Hupapasa kwa kutupa kichwa chake huku na huku kama kipofu anayetafuta mlango. Kikimgusa kidukari, basi kazi imekwisha. Humnasa kwa mdomo, mara nyingi humwinua juu akabaki akining'inia hewani, humfyonza maji yote ya mwilini na kuliacha ganda. Kisha huanza kupapasa tena.

Katika muda wa juma moja au mawili anapokua, buu mmoja wa aina zenye ulafi zaidi anaweza kula vidukari mia kadhaa; wengine hufikia 400. Akishiba hujishikiza kwenye jani, mwili ukajifunga ndani ya kifuko kigumu kiasi chenye umbo la tone la maji. Humo ndani hugeuka, na baada ya siku kadhaa hutoka nzi mwenye mabawa anayekwenda kutafuta maua.

Jambo la kukumbuka ni hili: buu huyu hali majani. Ukiona sukuma wiki imetobolewa matundu, usimsingizie. Wanaotoboa ni viwavi, watoto wa vipepeo na nondo, ambao wana miguu na kichwa kigumu chenye meno ya kutafuna. Buu wetu hana miguu, ana mdomo mwembamba mbele, na mwili wake hupanuka kuelekea nyuma.

Wako pia nzi wengine wadogo zaidi wanaofanya kazi hiyo hiyo. Mmoja ni mdogo kama mbu aliyekonda, urefu wake milimita 2 au 3, na hupenda kuruka giza linapoingia. Mabuu wake wana rangi ya machungwa. Humchoma kidukari kwenye kiungo cha mguu, humtia sumu ya kumpoozesha, kisha humnyonya. Mbu-nzi hao hufugwa kwa wingi na kuuzwa kwa wakulima wa mboga na maua wanaotumia vibanda vya plastiki au kioo katika nchi nyingi.

Kidukari hucheza na hesabu

Huenda ukauliza, kwani kidukari ana ubaya gani hata tuhitaji jeshi la kupambana naye? Mmoja peke yake hana ubaya mkubwa. Shida ni kwamba haishi mmoja. Katika nchi zetu za joto kidukari jike hana haja ya kumtafuta dume. Huzaa bila kupandwa, tena hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai ambao ni majike kama yeye.

Tuseme jike mmoja anazaa watoto watatu kila siku, na kila mtoto anaanza kuzaa akifikisha siku kumi. Kaa na karatasi na kalamu upige hesabu ya mwezi mmoja, utaona mwenyewe jinsi idadi inavyopita maelfu. Ndiyo maana bustani iliyokuwa safi Jumapili inaweza kuonekana imeingiliwa kabisa Jumapili mbili baadaye.

Vidukari wakizidi, majani hujikunja na kudumaa. Aidha, hutoa majimaji matamu yanayonata, na juu yake humea ukungu mweusi kama masizi. Isitoshe, aina nyingi hueneza magonjwa ya virusi vya mimea kutoka shina moja hadi jingine. Kwa hiyo mkulima ana haki ya kuhofu. Swali ni, je, anachukua hatua gani?

Sumu njiani kuelekea sahani

Wakulima wengi wakiona vidukari hukimbilia bomba la kunyunyizia. Baadhi ya dawa zinazotumiwa kuua wadudu wa aina hii ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Ni vyema uelewe zinavyofanya kazi, kwa sababu mwili wako na mwili wa mdudu unafanana katika jambo moja.

Neva zako zinapotuma ujumbe kwenye msuli, hutoa kemikali fulani. Msuli ukishapokea ujumbe, kuna kitu mwilini kinachoivunja kemikali hiyo mara moja ili msuli upumzike. Dawa za oganofosfeti hukizuia kitu hicho kufanya kazi. Ujumbe hauzimiki. Ni kama kengele ya mlango iliyokwama, inalia tu bila kunyamaza. Mdudu hutetemeka, hushindwa kupumua, akafa. Mtu aliyeingiwa na kiasi kikubwa naye hutokwa na jasho, mate na machozi kwa wingi, mboni za macho husinyaa, tumbo humsokota, misuli humchezacheza, na asipotibiwa huenda akashindwa kupumua.

Tusitiane hofu isiyo na msingi. Anayekabiliwa na hatari hiyo kwanza ni mkulima mwenyewe, au kibarua anayebeba bomba mgongoni bila glavu wala kitu cha kufunika pua, na mtoto anayeokota chupa ya dawa akidhani ni soda. Wewe unayekula mboga hupata kiasi kidogo sana. Hata hivyo kiasi hicho hutegemea uaminifu wa mtu usiyemjua. Kila dawa iliyosajiliwa huandikwa kwenye karatasi yake idadi ya siku ambazo ni lazima zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Siku hizo zikifuatwa, jua, mvua na mmea wenyewe hupunguza sumu hadi kiwango kinachokubalika. Zisipofuatwa, mboga iliyonyunyizwa jana huwa sokoni leo.

Na sukuma wiki ina tabia inayoleta majaribu. Haivunwi mara moja kama kabichi. Majani yake huchumwa kila baada ya siku chache, miezi na miezi. Mkulima aliyeambiwa na dawa yake angoje majuma mawili, huku wateja wanamngoja keshokutwa, afanyeje?

Mboga zinazokwenda ng'ambo zina msimamizi. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima kwa lazima shehena moja kati ya kila kumi za mishiri na minji kutoka Kenya, kwa sababu mabaki ya dawa yalikuwa yamepatikana humo. Wakulima wa mazao hayo walilazimika kubadilisha mienendo. Lakini fungu lako la sukuma wiki halipiti uwanja wa ndege. Hutoka shambani usiku, alfajiri liko Marikiti, Kongowea au Kibuye, na jioni liko jikoni kwako.

Kwa nini dawa huzidisha wadudu

Labda utasema, angalau dawa inamaliza vidukari. Hapo ndipo penye ajabu. Mara nyingi haimalizi, na mara nyingine huwazidisha.

Mkulima anapopiga dawa isiyochagua, hufa vidukari wengi, lakini hufa pia mabuu wa nzi wetu, wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao watoto huwafananisha na shanga, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari. Vidukari wachache waliojificha ndani ya majani machanga husalia. Hao, kama tulivyoona, hawahitaji dume wala muda mrefu. Walinzi wao hawawezi kurudi upesi hivyo, kwa sababu nzi lazima kwanza aruke kutoka kwingine, ale chavua, atage, na mayai yaanguliwe. Katika pengo hilo vidukari huwa hawana askari wa kuwakamata.

Tena, waliosalia huenda ni wale ambao miili yao inaistahimili dawa hiyo. Huzaa watoto wanaoistahimili. Kuna aina moja ya kidukari wa kijani anayeshambulia mboga na viazi ambaye amezoea dawa nyingi sana katika pembe nyingi za dunia. Mkulima huongeza kipimo, kisha hubadilisha dawa, kisha huchanganya mbili. Gharama inapanda, vidukari wapo, na aliye mwisho wa msururu huo ni wewe na watoto wako.

Yaliyoonekana kwingineko

Je, nzi wadogo kama hawa wanaweza kweli kufanya kazi ya maana? Tutazame mifano.

Katika bonde la Salinas, jimbo la California nchini Marekani, hulimwa saladi kwa wingi sana. Wale wasiotumia dawa za viwandani hukabiliwa na vidukari wanaojificha katikati kabisa ya saladi, mahali ambapo hata maji hayafiki. Njia wanayoitegemea ni kupanda katikati ya mistari ya saladi maua madogo meupe yaitwayo alisamu. Nzi wa maua hufuata chavua hiyo, hutaga kwenye saladi, na mabuu huingia ndani kufanya kazi. Wakati wa kuvuna ukifika, vidukari huwa wamekwisha.

Mwaka wa 2019 watafiti nchini Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi uliotumia mitambo ya rada. Waligundua kwamba aina mbili tu za nzi hawa huvuka bahari kuingia na kutoka kusini mwa nchi hiyo kwa wingi unaofikia bilioni 4 kwa mwaka. Walikadiria kuwa watoto wa wale wanaoingia majira ya kuchipua hula vidukari trilioni kadhaa. Hakuna serikali inayoweza kuajiri vibarua wa kiasi hicho.

Hapa kwetu, wazo la kumtumia mdudu dhidi ya mdudu si geni. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka wa 1993 kituo hicho kilianza kuachilia katika mkoa wa Pwani nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Pakistan ili apambane na kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Miaka ya 2000 kilimleta nyigu mwingine dhidi ya nondo anayeharibu kabichi na sukuma wiki. Hao ilibidi waletwe. Nzi wa maua yeye yuko hapa tayari, hatozi nauli. Anachoomba ni asiuawe, na awe na maua.

Bustani yako ya gunia

Huenda wewe ni mmoja wa wakazi wa mjini wanaopanda mboga mlangoni. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka wa 2008, bustani za magunia zilienea sana Kibera, na leo utaziona katika mitaa mingi, hata kwenye baraza za ghorofa. Gunia moja la udongo lenye mashimo pembeni linaweza kulisha familia mboga mara kadhaa kwa juma. Hapo wewe ndiwe mkulima na wewe ndiwe mlaji, basi sababu ya kujipikia sumu haipo. Fuata mashauri haya:

Kwanza, kagua majani yako kila baada ya siku mbili au tatu, hasa upande wa chini. Ukiona vidukari wachache, wakwangue kwa kidole au uwapige kwa maji yenye nguvu kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Vidukari wengi wakianguka hawawezi kurudi.

Pili, kabla ya kufanya hivyo, tafuta mabuu. Ukiwaona wawili watatu miongoni mwa vidukari, liache jani hilo. Ngoja juma moja uone. Ukikuta maganda makavu ya vidukari, jua kwamba kazi inaendelea.

Tatu, acha maua. Panda dania kwenye kopo au pembeni mwa gunia, na badala ya kuchuma yote, acha mashina machache yatoe maua. Maua yake madogo meupe yanawafaa nzi hawa ambao midomo yao ni mifupi. Hata shina moja la sukuma wiki lililozeeka likitoa maua ya manjano, usiling'oe mara moja.

Nne, watazame sisimizi. Wao hupenda yale majimaji matamu, kwa hiyo huwalinda vidukari kama wachungaji na kuwafukuza mabuu. Ukiwaona wamejipanga wakipanda kwenye gunia, waondoe na uzibe njia yao.

Tano, jani lililojaa vidukari hadi likajikunja, likate ulitupe mbali. Hilo ni afadhali kuliko kunyunyizia bustani nzima. Maji ya sabuni kidogo nayo huua vidukari, lakini humwua na buu yakimpata, basi yapake pale tu palipozidi. Hata dawa ya mwarobaini, ijapokuwa inatokana na mti, ni dawa. Usiinyunyize bila haja.

Lazima pia niseme ukweli. Buu hatamaliza kila kidukari, na kamwe hatakusaidia dhidi ya viwavi au konokono. Kama miche yako ni michanga sana na imevamiwa, usikae ukimngojea. Yeye ni msaidizi, si mwujiza.

Ikibidi utumie dawa, nunua iliyo katika chombo chake, yenye karatasi ya maelezo na namba ya usajili. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda. Chini ya karatasi hiyo kuna ukanda wa rangi: mwekundu ni wa sumu kali mno, ukifuatwa na wa manjano, wa buluu, halafu wa kijani ulio na hatari ndogo zaidi. Soma siku za kungoja na uzingoje zote.

Ukinunua sokoni

Usiache kula mboga kwa sababu ya makala haya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na sukuma wiki ina vitamini A na C pamoja na madini ya chokaa ambayo mwili wako unahitaji. Hasara ya kukosa mboga ni kubwa kuliko ya kula mboga iliyooshwa vizuri.

Osha jani moja moja chini ya maji yanayotiririka kabla ya kukatakata, usioshe baada ya kukata. Kama una shaka ya wadudu, loweka kwanza dakika chache katika maji yenye chumvi kidogo, wataachia, kisha suuza. Kuosha huondoa sehemu ya dawa iliyo juu ya jani, lakini dawa zile zinazoingia ndani ya mmea haziondoki kwa maji. Kwa hizo kinga ni moja: zisitumiwe ovyo tangu mwanzo. Ukihisi harufu ya dawa au ukaona utando mweupe wa ajabu uliokaukia kwenye jani, irudishe mboga hiyo.

Kisha zungumza na mama mboga wako. Usimfokee, yeye naye ni mtumishi wa macho yetu. Mwambie, "Mama, hata zikiwa na wadudu kidogo mimi nitanunua, bora zisiwe zimepigwa dawa jana." Muulize zinatoka wapi na zilinyunyizwa lini. Wateja kumi wakiuliza hivyo kwa mwezi mmoja, habari zitamfikia mkulima, jinsi zile za malalamiko zinavyomfikia.

Mtu akidhurika

Kwa kuwa dawa hizi ziko katika nyumba nyingi, ni lazima kila mtu ajue la kufanya. Ukimkuta mtu aliyemwagikiwa au aliyekunywa dawa ya wadudu, mwondoe mahali hapo, mvue nguo zilizoloa, na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni huku ukijikinga mikono. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa ukidhani ni tiba. Mpeleke hospitali bila kuchelewa, na uchukue chombo cha dawa ili daktari aone jina lake. Kwa sumu za oganofosfeti kuna dawa ya kuzipinga iitwayo atropini, lakini ni lazima itolewe na mhudumu wa afya, na ni lazima mgonjwa afike mapema. Dawa zote za shambani zifungiwe mbali na watoto, wala zisiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji.

Sasa turudi kwenye karai lako la jioni. Yule buu bado yuko juu ya jani, anapapasa huku na huku akitafuta kidukari mwingine. Kama una gunia mlangoni, lichukue jani hilo umweke huko aendelee na kazi yake. Kama huna, mwoshe na vidukari wake wateremke na maji, upike mboga yako kwa amani. Hata akikuponyoka na kuiva pamoja na vitunguu, hatakudhuru.

Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Jani lenye buu ni jani ambalo juzi halikupigwa sumu ya kumwua. Ni watu wachache mjini wanaoweza kujua jambo hilo kuhusu chakula chao. Wewe umeonyeshwa bure.